Nyayo Zisizofutika: Magari, Kambi na Udongo wa Jangwani

Katika jangwa la Mojave, kusini-mashariki mwa jimbo la California nchini Marekani, kuna mahali paitwapo Iron Mountain. Mpita njia anaweza kuona hapo vijia vilivyonyooka, vilivyopangwa mawe kandokando, ambavyo haviendi popote. Hakuna nyumba wala hema. Vijia hivyo vilikuwa mitaa ya kambi ya jeshi. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa ikijiandaa kupigana katika Afrika ya Kaskazini, Jenerali George Patton alipewa kazi ya kuanzisha Kituo cha Mazoezi ya Jangwani, na Iron Mountain ilikuwa mojawapo ya kambi zake. Kituo kilifungwa mwaka 1944, baada ya askari wapatao milioni moja kupitia humo. Mahema yaling'olewa na askari wakaenda zao, lakini nyayo za vifaru na vijia vya kambi vilibaki.

Robert Webb, mtafiti wa Shirika la Jiolojia la Marekani, alipima ushindiliaji wa udongo katika sehemu 19 za jangwa hilo, zikiwamo kambi za Ibis, Granite, Iron Mountain, Clipper na Essex. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2002. Ikichukuliwa kwamba udongo unapona kwa mwendo uleule mwaka hadi mwaka, basi udongo ulioshindiliwa sana unahitaji miaka 92 hadi 100 ili urudie hali yake ya kwanza. Ikichukuliwa kwamba mwendo wa kupona hupungua kadiri miaka inavyopita, kama vipimo vyenyewe vinavyoelekea kuonyesha, basi inapita miaka 105 hadi 124 kabla udongo haujapona hata kwa asilimia 85. Jambo moja zaidi linastahili kuangaliwa. Vipimo hivyo havikuweza kutofautisha mwendo wa kupona wa udongo uliokanyagwa na vifaru na ule uliokanyagwa na buti za askari.

Leo wanaopita katika majangwa hayo si askari bali ni watu walio katika mapumziko: wenye magari ya kupanda milima, wenye pikipiki, na jamaa wanaopiga kambi mwisho wa juma. Ardhi ni ya umma, nao ni sehemu ya umma huo. Je, watu wanawezaje kuruhusiwa kuingia katika nchi ya namna hii bila kila safari kuacha kovu la miaka mia? Jawabu ambalo utafiti umelitoa linapingana na lile ambalo watu wengi hulitoa kwa haraka.

ARDHI YA UMMA NA WAGENI WAKE

Serikali kuu ya Marekani inamiliki sehemu kubwa ya majimbo ya magharibi. Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, ambayo ni moja tu kati ya idara zinazohusika, inasimamia hekta zipatazo milioni 99, eneo linalozidi Tanzania nzima. Nyingi ya ardhi hizo si hifadhi za taifa. Watu hulisha ng'ombe, huchimba madini, huwinda, na kwa desturi ya muda mrefu mtu yeyote aweza kupiga hema pasipo malipo, mradi asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 katika kila siku 28.

Desturi hiyo haikuleta taabu kubwa wakati wageni walipokuja kwa miguu au kwa farasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia magari aina ya jeep yaliuzwa kwa raia, na baadaye zikaja pikipiki nyepesi za bei nafuu. Tarehe 8 Februari 1972 Rais Nixon alitoa amri kuhusu vyombo hivyo. Amri ilikadiria kwamba nchini mlikuwa na vyombo milioni 5 vya kustarehe nje ya barabara, na ikaiagiza kila idara ionyeshe wazi ni wapi vinaruhusiwa na ni wapi haviruhusiwi, ili madhara kwa udongo, maji, mimea, wanyama na watumiaji wengine yapunguzwe kadiri iwezekanavyo. Mwaka 1977 Rais Carter aliikaza amri hiyo kwa kuzipa idara uwezo wa kufunga mara moja eneo linaloharibika.

KINACHOTOKEA CHINI YA GURUDUMU

Mwanafunzi wa sekondari amejifunza kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo linalopokea kani hiyo. Na achukue gari lenye masi ya kilo 1,600 pamoja na dereva. Uzito wake ni newtoni 15,700 hivi. Ikiwa kila tairi linagusa ardhi kwa sentimeta za mraba 200, matairi manne yanagusa mita za mraba 0.08, na kanieneo ni kiasi cha paskali 196,000, yaani kilopaskali 196. Mtu wa kilo 70 anayesimama kwa mguu mmoja, kiatu chake kikigusa sentimeta za mraba 150, anaikandamiza ardhi kwa kilopaskali 46.

Sasa achukue kifaru aina ya Sherman, kilichotumika katika mazoezi ya Mojave. Uzito wake ni tani kama 30, lakini minyororo yake ni mipana na mirefu, na kanieneo yake haizidi sana kilopaskali 95. Ni nusu ya ile ya jeep! Je, kifaru ni rafiki wa udongo kuliko jeep? Hapana, na hapa ndipo hesabu ya darasani inapohitaji kuongezewa. Kanieneo ya juu ya ardhi hutegemea eneo la mguso, lakini kina ambacho mkandamizo unafikia hutegemea pia jumla ya mzigo. Mzigo mkubwa uliotandazwa hushindilia udongo wa chini sana, mahali ambapo mizizi na mvua haviwezi kuulegeza upesi. Tena chombo hakikandamizi tu, bali huvuta na kukwangua. Kifaru hupinda kwa kuuzuia mnyororo mmoja na kuuacha mwingine uende, nao huparua ardhi kama jembe. Gurudumu la pikipiki linalozunguka bila kushika hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake.

Udongo si kitu kizima. Ni chembe za mawe na nafasi zilizo katikati yake, na katika nafasi hizo ndimo maji, hewa na mizizi hupita. Densiti ya chembe zenyewe ni karibu gramu 2.65 kwa sentimeta moja ya ujazo. Udongo wenye densiti ya 1.5 una nafasi za asilimia 43 ya ujazo wake. Ukishindiliwa mpaka 1.8, nafasi zinabaki asilimia 32. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini nafasi zinazopotea kwanza ni zile kubwa, na hizo ndizo zinazopitisha maji. Mwendo wa maji katika mrija mwembamba hulingana na kipeo cha nne cha nusu kipenyo chake. Mrija ukipunguzwa upana kwa nusu, maji yanayopita yanakuwa sehemu moja ya kumi na sita ya yale ya kwanza.

Udongo mbaya zaidi kwa jambo hili ni ule wenye chembe za kila ukubwa, kwa sababu chembe ndogo hujipanga katikati ya zile kubwa, kama vile fundi mwashi anavyochanganya kokoto, mchanga na saruji ili zege liwe gumu. Udongo wa namna hiyo ndio ulioenea katika miteremko ya Mojave. Huathirika zaidi ukiwa na unyevu, kwa kuwa maji hulainisha mgusano wa chembe. Kwa hiyo siku mbaya kuliko zote za kutoka nje ya njia ni ile inayofuata mvua, ambayo ndiyo siku madereva wengi huifurahia, maana vumbi limetulia.

Katika nchi yenye mvua ya kutosha, mizizi, mchwa na nyungunyungu huulegeza udongo tena. Katika mabonde ya Mojave mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 150. Dodoma, ambayo Watanzania huiita kavu, hupata zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Wafanyakazi wa kuutengeneza udongo ni wachache, na wanafanya kazi siku chache.

NGOZI YA JANGWA

Juu ya udongo wa jangwa, hasa katika majimbo ya Utah na Arizona, kuna tabaka jembamba jeusi lenye vinundu ambalo mgeni hulidhani kuwa ni uchafu. Ni kitu hai. Viumbe vidogo viitwavyo sayanobakteria, hasa wa jenasi Microcoleus, hutambaa katika mchanga wakati wa unyevu na kuacha nyuzi zenye utomvu zinazozifunga chembe pamoja. Likeni na kuvumwani huota juu yake. Baadhi ya viumbe hivyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mimea, kazi ambayo wakulima wetu wanaijua kutoka katika mizizi ya kunde na maharage. Ngozi hiyo huzuia upepo usipeperushe mchanga na matone ya mvua yasiuchimbe.

Ikiwa kavu, ngozi hiyo ni dhaifu kama mkate wa chapati uliokaushwa juani. Kupita mara moja kunatosha kuivunja. Sayanobakteria hurudi baada ya miaka kadhaa mahali penye unyevu, lakini likeni na kuvumwani huchukua makumi ya miaka, na mahali pakavu zaidi hata karne. Afrika nayo inao mfano wake: katika jangwa la Namib, nchini Namibia, kuna nyanda za likeni karibu na pwani ambako alama za magari ya miaka mingi iliyopita bado zinaonekana, na ambako kutoka nje ya barabara kumekatazwa.

Viumbe vikubwa nao wamo katika hesabu. Kobe wa jangwani huishi sehemu kubwa ya maisha yake katika shimo alilolichimba mwenyewe ili kukwepa joto na baridi, na gari linalopita juu linaweza kulibomoa naye akiwa ndani. Mwaka 1990 serikali kuu ya Marekani iliwaorodhesha kobe wa Mojave kuwa viumbe vilivyo hatarini. Upo pia mmea uitwao kreosoti, kichaka ambacho hukua kwa kupanuka nje huku shina la katikati likifa, mpaka kinakuwa pete. Frank Vasek wa Chuo Kikuu cha California alikadiria mwaka 1980 kwamba pete moja katika bonde la Lucerne ilikuwa na umri wa miaka 11,700. Mtu asiyejua angeona vichaka vya kawaida vilivyosimama katika duara lisilo kamili, na angeweza kuegesha gari katikati yake.

KUTAWANYA AU KUKUSANYA?

Mtu akiambiwa kwamba magari mia yanaharibu njia moja, mawazo yake ya kwanza ni kuyatawanya ili kila mahali papate kidogo. Ni mawazo ya mtu mwema, nayo yangekuwa sahihi kama madhara yangeongezeka kwa kadiri ileile ya idadi ya magari. Vipimo vilivyofanywa katika nchi nyingi na juu ya mimea ya namna nyingi vinaonyesha kwamba sivyo. Mchirizo wa madhara hupanda kwa ghafla mwanzoni, kisha hulala. Magari ya kwanza hufanya sehemu kubwa ya uharibifu. Yale yanayofuata hukanyaga mahali ambapo tayari pamekufa.

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Tuseme kwamba gari moja likipita mara moja linaua asilimia 20 ya mimea iliyo chini ya magurudumu yake. Magari kumi katika mkondo uleule yanaua asilimia 60. Na magari mia yanaua asilimia 90. Magari mia yakifuata njia moja ya kilometa moja, hasara ni sawa na kilometa 0.9 ya mimea. Yakigawanywa katika njia kumi, hasara ni mara kumi ya 0.6, yaani kilometa 6. Kila gari likichukua njia yake, hasara ni mara mia ya 0.2, yaani kilometa 20. Kutawanya kumeongeza madhara zaidi ya mara ishirini, ingawa hakuna mahali hata pamoja panapoonekana pabaya kama ile njia moja.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya somo hili kuwa gumu kufundishika. Njia moja iliyochakaa huchukiza macho na huleta malalamiko. Njia mia zilizofifia hazimchukizi mtu, mpaka mvua inapokuja na kila moja inakuwa mfereji.

Liko jambo moja la kuangalia. Mimea mingine ina kikomo ambacho chini yake haidhuriki kwa dhahiri: majani mafupi yenye mizizi mingi hustahimili kukanyagwa mara nyingi, wakati mimea laini ya msituni hufa baada ya kukanyagwa mara chache. Mahali palipo na majani magumu na wageni wachache sana wa miguu, kutawanyika kunafaa, maana hakuna doa litakalofikia kikomo. Ngozi ya jangwa haina kikomo cha namna hiyo, na gurudumu hupita mno kile ambacho mimea mingi inastahimili. Kwa hiyo kanuni ya kutawanyika ni ya watembeao kwa miguu katika sehemu maalumu. Si ya magari.

Kinyume cha kanuni hii kilionekana katika mashindano ya pikipiki kutoka Barstow hadi Las Vegas, mwendo wa zaidi ya kilometa 200 katika Mojave. Mwaka 1974 waendeshaji wapatao 3,000 walishiriki. Desturi ya mashindano hayo ilikuwa washindani wajipange katika mstari mmoja mpana na kuondoka wote kwa pamoja, kila mmoja akijikatia njia yake mpaka njia zikutane mbele. Mwaka uliofuata kibali kilikataliwa. Mashindano yalirudishwa mwaka 1983 kwa masharti, na mara ya mwisho kuruhusiwa ilikuwa mwaka 1989.

MAHALI PA NJIA

Ikiwa magari yakusanywe, basi yakusanywe wapi? Karibu na mji wa Moab, katika jimbo la Utah, kuna njia maarufu iitwayo Slickrock, iliyoonyeshwa kwa alama za rangi mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, na ambayo baadaye ilipendwa zaidi na waendesha baiskeli. Sehemu kubwa yake hupita juu ya mwamba mtupu wa mchanga ulioshikamana. Mwamba hauna nafasi za kushindiliwa wala mizizi ya kukatwa. Mita chache kutoka hapo, katika vibonde vilivyojaa mchanga, kuna ngozi hai ambayo tairi moja lingeivunja. Alama za rangi zinamwelekeza dereva, na kwa kufanya hivyo zinaulinda udongo kuliko ukuta. Vivyo hivyo, vilima vya mchanga unaohama vya Algodones, karibu na mpaka wa Mexico, vimepewa magari kwa sehemu kubwa. Upepo hufuta nyayo juu ya mchanga mtupu, ijapokuwa kandokando ya vilima na mahali penye mimea sivyo, na kwa sababu hiyo sehemu nyingine zimefungwa.

Adui wa njia yoyote ni maji. Njia inayoshuka moja kwa moja kutoka kilimani huwa mto siku ya mvua. Wajenzi wa njia hufuata kanuni rahisi: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inachokikata, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Mahali penye matope kuna hatari nyingine ambayo haihitaji kuelezwa kwa msomaji aliyesafiri masika katika udongo mweusi wa mbuga. Dereva wa kwanza hukwama. Wa pili hulizunguka dimbwi kwa kulia. Wa tatu hulizunguka kwa kushoto. Baada ya mwezi mmoja barabara ina upana wa mikondo kumi. Gharama ya kujaza mawe katika dimbwi moja ni ndogo kuliko gharama ya mikondo hiyo.

Na hapa mwanafunzi hodari huuliza: nyumbu zaidi ya milioni moja huvuka nyanda za Serengeti kila mwaka, mbona nyanda hazifi? Swali ni zuri. Kwanza, majani ya huko yameishi pamoja na kwato kwa muda mrefu mno, na yale yasiyostahimili yalikwisha kutoweka. Mojave haikuwa na makundi ya namna hiyo tangu wanyama wakubwa wa zama za barafu walipotoweka. Pili, kwato huacha vishimo vilivyoachana, na kila kimoja huweza kushika maji na mbegu, hali gurudumu huchora mfereji usiokatika. Hata hivyo nyumbu nao huchonga njia, na njia hizo huonekana kutoka angani. Kukusanya si uvumbuzi wa binadamu peke yake. Nyanda za Serengeti zimefunikwa na majivu ya volkano, na mahali pengi pana tabaka gumu la chokaa karibu na uso wa ardhi. Kwa nchi kama hiyo, katazo la magari kuacha barabara katika hifadhi za taifa za Tanzania lina maana ya kisayansi, si la kumnyima mgeni picha ya simba tu.

KAMBI

Kambi hufuata mchirizo uleule. David Cole, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipima viwanja vya kambi katika milima ya Eagle Cap, jimbo la Oregon, na kuona kwamba kiwanja kinacholaliwa usiku michache tu kwa mwaka kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mimea yake, kiasi cha kukaribia kile kinacholaliwa mara nyingi. Kwa hiyo msafiri anayeona kiwanja kilichochakaa na akaamua kwenda mita hamsini mbele kwenye majani mabichi anaanzisha jeraha la pili. Palipochakaa ndipo pa kulala.

Idara zimetumia jambo hilo kwa kuchagua viwanja, kuviwekea alama na mahali pa moto, na kufunga vingine. Katika eneo la Sand Flats karibu na Moab, ambako umati wa wapiga kambi ulizidi uwezo wa nchi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wilaya na serikali kuu ziliungana katikati ya miaka hiyo, zikaweka viwanja vyenye namba, vyoo na ada ya kuingia, na fedha zinazopatikana zikaendesha kazi hiyo. Pasipo viwanja maalumu, kanuni za kawaida ni kukaa mbali na maji kwa mita 60 hivi, ili wanyama wanywe na uchafu usifike mtoni. Kufukia kinyesi katika shimo la sentimeta 15 hadi 20, ambamo bakteria wa udongo ni wengi. Na kuacha kuni jangwani, kwa kuwa gogo kavu ni kivuli cha mijusi na chakula cha udongo kwa miaka mingi.

Katika Mlima Kilimanjaro wapandaji hulala katika vituo vilivyotengwa, kama Shira, Barranco na Barafu, wala hawaruhusiwi kuwasha moto wa kuni. Wako wanaolalamika kwamba vituo hivyo vimesongamana na vimekuwa vumbi tupu. Ni kweli, navyo havitarudi kuwa majani upesi. Lakini mchirizo unasema kwamba maelfu ya wapandaji hao wakiruhusiwa kulala watakapo, vumbi litakuwa la mlima mzima.

UGUMU WA KUFUNGA NJIA

Kuandika ramani ni kazi nyepesi kuliko kuifuata. Mwaka 2005 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa kanuni kwamba magari yatapita tu katika barabara, njia na maeneo yaliyotajwa katika ramani. Kabla ya hapo, katika misitu mingi, palipokuwa hapajakatazwa palikuwa ruhusa. Wapangaji walikuta kwamba njia nyingi hazikuwahi kupangwa na mtu. Dereva mmoja alipita, mwingine akafuata, na baada ya miaka ishirini ikaitwa njia ya wananchi. Katika sehemu ya magharibi ya Mojave, mpango wa mwaka 2006 uliidhinisha zaidi ya kilometa 8,000 za njia. Mwaka 2009 mahakama ya serikali kuu iliamua kwamba wasimamizi hawakuzichagua kwa kufuata sharti la kupunguza madhara lililotokana na amri ya mwaka 1972.

Wanaopinga kufungwa kwa njia wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Mzee asiyeweza kutembea kilometa kumi hufika bondeni alikozaliwa baba yake kwa gari tu. Jamaa hupiga kambi mahali pamoja kwa vizazi vitatu. Watu hao wakiambiwa waondoke pasipo kuelezwa sababu, hung'oa vibao usiku. Ni haki yao kuonyeshwa vipimo, na ni haki yao kupewa njia nyingine iliyo nzuri, kwani njia iliyofungwa bila kufunguliwa nyingine huzaa njia mpya ya kificho.

Ujanja mmoja wa wafanyakazi wa Mojave unastahili kusifiwa. Njia ikifungwa, hawaitengenezi yote, kwa kuwa fedha hazitoshi. Hulegeza udongo na kusimika matawi makavu wima, kama vichaka vilivyokufa, katika sehemu ile tu inayoonekana kutoka njia kuu. Dereva anayepita haoni njia, wala kibao cha kumkataza, na hapati hamu ya kuingia. Nyuma ya pazia hilo jangwa hupewa ile miaka mia inayohitaji.

ZOEZI LA SHULE

Mchirizo wa madhara unaweza kuchorwa na darasa lolote lenye kiwanja cha majani. David Cole na Neil Bayfield walipendekeza mwaka 1993 utaratibu ambao umetumika katika nchi nyingi. Wanafunzi wapime vichochoro vitano, kila kimoja na urefu wa mita 1.5 na upana wa nusu mita, mahali ambapo hapapitwi. Kimoja kiachwe. Vingine vikanyagwe kwa mwendo wa kawaida mara 25, 75, 200 na 500. Kabla ya kukanyaga, na wiki mbili baadaye, wakadirie ni asilimia ngapi ya ardhi imefunikwa na majani mabichi, wakitumia fremu ya fito iliyogawanywa kwa kamba katika miraba mia.

Kupima udongo kunahitaji mkopo wa bati uliotolewa pande zote mbili. Ukandamizwe ardhini sentimeta tatu, umiminiwe nusu lita ya maji, na muda wa maji kuzama uandikwe kwa dakika na sekunde. Kipimo kirudiwe mara tatu katika kila kichochoro, kisha mara tatu katika kijia ambacho wanafunzi hupitia kila siku kwenda bwaloni. Majawabu yachorwe katika karatasi ya grafu, idadi ya kukanyaga ikiwa katika mhimili wa mlalo. Darasa liangalie kama mstari umenyooka au umepinda, na ni wapi ulipopinda.

Vichochoro viwekewe vigingi na visiguswe. Vipimo virudiwe baada ya masika, na tena mwaka ukigeuka. Tarehe, aina ya udongo na kiasi cha mvua viandikwe katika daftari litakalobaki shuleni, maana kidato kitakachomaliza kupima huenda kisiwe kile kilichoanza.